Luwai au Tluway: Safari ya Kuulizia Jina la Baba

Wenzangu, tangu nirudi Korogwe, kila anayeingia kibandani kwangu kushonesha ananiuliza swali lile lile kabla hata hajanipa kitambaa: "Mama Digna, kwani huko Karatu kulitokea nini?" Nimekuwa nikijibu vipande vipande. Huyu nilimwambia habari ya tembo, yule nikamwambia habari ya panga, na sasa nasikia vipande hivyo vimeungwa vibaya huko sokoni. Kwa hiyo naandika yote, kwa kufuata njia niliyopita, ili kila mtu asome mwenyewe na aache kumwongezea mwenzake.

Korogwe hadi Arusha

Mnamfahamu Deo, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu ananyonya. Ni fundi umeme Arusha, na huko alimpata Neema, binti wa Rhotia, jirani na Karatu, anayefanya kazi kwenye duka la dawa. Washenga wetu walipeleka posa Rhotia. Walipokewa vizuri, wakaletewa chai, mpaka baba mkubwa wa binti na mwenye neno katika nyumba ile, Mzee Bonifasi, alipouliza jina la ukoo wa kijana. Wakasema Luwai. Mzee akaweka kikombe chini, akauliza huyo Luwai asili yake wapi. Wakasema babu wa kijana alitokea huko huko Karatu, akaja kukata mkonge Korogwe.

Posa ikaishia hapo. Mzee Bonifasi alisema Luwai ni Tluway iliyovunjika, na Tluway ni jina la babu yake. Huyo babu alikuwa na mtoto wa mwisho, Gwandu, aliyeondoka ujanani kutafuta kazi ya mkonge na hakurudi tena. Ikiwa Deo ni mjukuu wa Gwandu, basi Neema ni dada yake, na dada haolewi.

Wangeweza kuachana, mtasema. Lakini Neema alikuwa na mimba. Tuliojua tulikuwa watatu tu: yeye, Deo na mimi.

Kuhusu jina letu sikuwa na la kuwaambia watu wa Rhotia. Cheti changu cha ubatizo kinasema Luwai. Cha marehemu kaka kinasema Luway. Dada yetu mkubwa aliandikishwa shule kama Ruwai, na mwalimu hakuona tofauti. Kazini baba waliwahi kumwandika Kluwai. Hakusahihisha hata moja. Mara chache sana, akiwa peke yake uani, alilitamka kwa namna ambayo sisi watoto hatukuiweza: ulimi unabanwa juu, kisha hewa inapasuka pembeni mwa mdomo. Tulicheka. Yeye hakucheka. Na tulipomwomba atupeleke kwao, alijibu maneno yale yale kila mara: "Huko hatuna mtu. Msiende."

Baba alifariki nikiwa msichana, na agizo hilo sikuwahi kulivunja mpaka safari hii.

Basi letu liliharibika baada ya Same. Tulishushwa chini ya jua, tukasubiri spea iletwe kutoka Moshi. Mama mmoja aliyekuwa na gunia la tangawizi alinikaribisha niketi juu ya gunia lake. Akanimegea muhogo wa kuchemsha, akaniuliza ninakwenda msibani kwa nani.

"Siendi msibani," nikasema. "Nakwenda kwa habari ya harusi."

Alinitazama usoni kwa muda. "Basi Mungu akusaidie," akasema, "maana mimi nimeshakupa pole kimoyomoyo."

Arusha hadi Rhotia

Asubuhi Deo na Neema walinisindikiza stendi. Neema alikuwa amekonda usoni. Deo alipokwenda kununua maji, aliniinamia dirishani.

"Shangazi, wakisema ni ndugu, mimi na huyu aliye tumboni tutakuwa nani?"

Nilimshika mkono mpaka gari likaanza kuondoka.

Jirani yangu kwenye Kosta alikuwa mwanamume wa Singida aliyezoea kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Karatu. Aliongea njia nzima. Mto wa Mbu tulinunua ndizi nyekundu, akanifundisha kuchagua zile zilizoanza kulainika, na gari lilipoanza kupanda ukuta wa bonde, ziwa likibaki chini upande wa kushoto, nikamuuliza kama analijua jina Tluway. Alilitamka vizuri kuliko mimi.

"Hilo ni mvua tu," akasema. "Kwa Wairaqw wa huku, mtoto akizaliwa mvua inanyesha wanamwita hivyo. Wako wengi kama mahindi. Kila karani anaandika lake."

Nilitaka kumkumbatia. Kama jina ni mvua tu, basi linaweza kumwangukia yeyote. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nilihisi njaa, nikala ndizi mbili mfululizo.

Furaha hiyo ilinifikisha Rhotia, haikuvuka mlango. Mzee Bonifasi alikuwa amekaa sebuleni na koti zito, fimbo magotini, pembeni yake amekaa mdogo wake wa kike, Mama Elia, mjane wa umri wangu, ambaye kwa Neema ndiye shangazi. Walinikaribisha kwa makande na maziwa ya mgando yaliyotoka kwenye kibuyu. Nilipomaliza, mzee akaniambia nilitamke jina la baba yangu.

"Luwai," nikasema.

"Sivyo. Tluway."

Nilijaribu. Ilitoka sauti ya mtu anayefukuza kuku. Watoto waliokuwa mlangoni wakakimbia nje kucheka, Mama Elia akainamisha uso. Mzee hakutabasamu. Alikuwa akiniangalia paji la uso na masikio.

"Nimeambiwa jina hilo ni mvua, na wenye nalo ni wengi," nikasema.

"Majina ya mvua ni mengi, ni kweli. Lakini uso huu mimi naujua." Akamgeukia mdogo wake. "Humwoni baba mdogo Gwandu hapa?"

Mama Elia alinitazama, kisha akatazama chini. "Alipoondoka mimi sikuwa nimezaliwa, kaka."

Mzee alisema yuko mtu mmoja anayeweza kuamua jambo hili. Ni Mzee Sabasi wa Kansay, rika la Gwandu, walichunga na kulima pamoja. Nikamuulize mwenyewe. Mama Elia atanisindikiza, ili pande zote mbili ziwe na sikio. Akaongeza, kwa upole ulionitisha kuliko ukali: "Ila ujue, mama, ukishauliza huwezi kusema hukuuliza."

Kansay

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza ile njia nyekundu kuwa sabuni. Mara mbili tulishuka tukatembea, viatu mkononi, na sehemu moja pikipiki yangu iliteleza mpaka ukingoni mwa korongo. Dereva alisema "pole mama" kama mtu aliyenikanyaga kidole.

Nyumba ya Mzee Sabasi ilikuwa katikati ya mahindi machanga. Mzee mwenyewe alikuwa ndani, amelala. Aliyetupokea ni mwanawe, Petro, aliyekuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe, panga mkononi. Mama Elia alisalimia kwa Kiiraqw, kisha akaeleza kwa Kiswahili ili nami nisikie: mgeni huyu anatoka Korogwe, anaitwa Luwai, amekuja kuuliza habari za Gwandu wa Tluway.

Sura ya Petro ilibadilika pale pale. "Gwandu," akarudia. "Na nyinyi mmekuja kupima wapi? Kuanzia kwenye lile korongo, au mnataka mpaka mtoni?"

Hatukuelewa. Alinyoosha panga kuelekea shambani, kisha akalirudisha likawa linatuelekea sisi, sidhani kama kwa makusudi.

"Kila anayekuja hapa na jina la mtu aliyepotea anataka shamba. Mwaka jana walikuja wengine na jina lao. Mama, geuka na njia uliyokuja nayo."

Nilirudi nyuma, kisigino kikaingia matopeni, nikaanguka chali. Nikiwa chini namwona yeye juu yangu na panga lile, nilimkumbuka baba: huko hatuna mtu. Mama Elia alisimama katikati yetu. Ni mwanamke mfupi.

"Petro," akasema, "huyu hataki ardhi. Ana kijana anayetaka kumwoa binti yetu. Anaogopa kama ni ndugu. Ni hilo tu."

Petro aliniangalia nilivyokuwa nimejaa tope. Akaweka panga ukutani, akanipa mkono kuniinua. "Sasa kwa nini hamkuanza na harusi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na aibu. Mkewe akaniletea maji na khanga kavu.

Mzee Sabasi hasikii vizuri, ikabidi Petro ampigie kelele sikioni. Alipolielewa swali alitikisa kichwa. Gwandu hakupotea, akasema. Alifia Babati kwa homa, akiwa njiani kurudi, na yeye Sabasi alikuwa mmoja wa waliomzika. Hakuwa na mke wala mtoto. Baba yake aliambiwa, lakini hakukubali. Mpaka anakufa alikuwa akisema mwanawe yuko Pwani.

Nilifumba macho. Nilikuwa tayari kusimama tuondoke. Lakini mzee aliuliza, "Huyo baba yako, alikuwa na kovu hapa?" Akagusa chini ya kidevu.

Baba alikuwa nalo. Alituambia alipigwa na pembe ya ndama.

"Basi huyo ni Tluway mwingine. Yule wa juu." Akaonyesha upande wa Ngorongoro. "Alishuka na ng'ombe wa Wamasai, akabaki. Tulifanya kazi pamoja kwenye shamba la kahawa la mzungu, Oldeani. Kiiraqw chake kilikuwa cha mwanamke mtupu, maana alijifunza kwa mama yake peke yake. Ukimuuliza jina la baba, anaondoka. Halafu likaja lori la kuchukua watu wa mkonge, akapanda."

"Na mama yake alikuwa nani?" nikapiga kelele.

Mzee alimtazama Mama Elia. Petro akamrudishia swali.

"Alikuwa msichana mwenye mimba, hajaolewa," akasema taratibu. "Zamani hiyo ilikuwa mkosi kwa kijiji kizima. Mvua itakatika, ng'ombe watakufa. Walimtoa. Walimpeleka msituni, wakamwacha."

"Mimba ilikuwa ya nani?"

"Hilo sijui. Wengine walisema ni ya mtu wa hapo hapo nyumbani alipokuwa anakaa." Macho yake yalirudi tena kwa Mama Elia. "Alikuwa anakaa Rhotia. Kamuulizeni Nasieku, huko juu, kwenye boma lililomlea. Kama bado yu hai."

Tulirudi hadi Karatu. Nilikuwa nimekuja na hofu ya jina, sasa nilikuwa na hofu ya mtu. Kama mimba ile ilikuwa ya mwanamume wa nyumba ya Tluway, basi tulikuwa damu moja, jina liandikwe lisiandikwe.

Langoni na kwenye ukungu

Kutoka Karatu tulipanda basi la asubuhi liendalo Endulen, linalopita katikati ya hifadhi. Nasieku alijulikana. Kondakta alisema boma lake liko kando ya barabara, atatushusha.

Langoni, basi lilipokuwa limesimama, nyani dume aliingia kwa dirisha, akachukua mfuko wa Mama Elia uliokuwa na chapati zetu zote, akakaa juu ya ukuta akizila moja moja huku akitutazama. Abiria walicheka. Sisi wawili hatukuweza. Mama Elia alisema tu, "Hata chapati," na mimi nikamwelewa.

Baada ya lango, barabara inapanda ndani ya msitu. Kwanza niliona miti yenye ndevu za kijani, kisha nikaona nusu ya miti, kisha sikuona kitu. Ukungu uliingia mpaka ndani ya gari. Upande wa kulia, kondakta alisema, kuna shimo kubwa la kreta, wazungu hulipia kuliona. Mimi niliona weupe tu, na nilijua kwamba gurudumu likikosea kidogo tutaondoka duniani bila hata kuona tunakoangukia. Baridi ilinipenya kwenye meno.

Ghafla dereva alifunga breki na kuzima injini. Akanyoosha mkono nyuma, tunyamaze. Mbele yetu kipande cha ukungu kilikuwa cheusi zaidi kuliko vingine. Kilisogea. Kikawa na sikio.

Tembo alisimama katikati ya barabara. Nyuma yake kulikuwa na mwingine, na kati yao mdogo. Dereva alinong'ona kwamba wenye mtoto ndio wabaya. Tulikaa hivyo, hakuna aliyekohoa, tukisikia matawi yakivunjika kulia na kushoto, kwa hiyo hata nyuma walikuwepo. Mama Elia alinishika mkono, kucha zake zikaingia kwenye ngozi yangu. Ndipo alipoanza kuongea, kwa sauti ya chini kabisa, macho yakiwa mbele kwa wale tembo.

"Neema ana mimba."

Nilikaza macho kwa wale tembo.

"Nimejua tangu alipokuja Pasaka akakataa maziwa. Usinifiche, mama. Wewe unajua."

"Najua," nikasema.

"Kaka yangu hajui. Binti yake mwenyewe wa kwanza alipopata mimba nyumbani, alimfungia mlango. Yuko Singida mpaka leo. Ana watoto wakubwa, hajakanyaga Rhotia. Mama yake alikufa akimwita. Tulipokuwa wadogo bibi alikuwa akitutisha: ukibeba mimba utapelekwa kwa nyati. Nilidhani ni maneno ya kututia adabu. Leo ndiyo nauona msitu wenyewe. Kumbe walimleta mtu hapa kwa miguu, wakamwacha, wakarudi nyumbani kula."

Nilitazama dirishani. Nilijaribu kumwona msichana huyo, bibi yangu, ambaye hata jina lake silijui, akisimama kwenye weupe ule akisikia matawi yakivunjika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na sikuogopa kwa ajili yangu.

Tembo waliondoka walipotaka wao. Dereva aliwasha gari bila neno, na mpaka tulipoanza kushuka kwenye jua hakuna aliyeachia mkono wa mwenzake.

Bomani kwa Nasieku

Tulishushwa kwenye uwanda wa nyasi fupi, upepo, ng'ombe na punda. Mkamwana wa Nasieku, mwanamke anayeitwa Naserian, alitupokea, akatupatia chai ya maziwa ya moto, akakubali kututafsiria. Nasieku alikuwa ameketi juu ya ngozi mlangoni, shanga shingoni, macho yameingia ukungu wake mwenyewe. Nilipomwinamia, alinishika kichwa kwa mikono miwili na kunitemea mate kwenye paji la uso.

Nilirudi nyuma kwa mshtuko. Nilidhani amenitambua na amenilaani. Naserian alicheka kidogo. "Hapana, mama, amekubariki. Rudi karibu, anataka tena kukugusa."

Nilirudi. Vidole vyake vilipita kwenye nyusi zangu, puani, kwenye kidevu. Kisha akasema neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Luai."

Alilitamka hivyo hivyo, laini, kama tunavyolitamka sisi Korogwe. Nikauliza kwa nini analiita hivyo, mbona kwa Wairaqw ni Tluway.

"Mama yake alimwita hivyo kwa lugha yao," akasema kupitia kwa Naserian. "Sisi midomo yetu ilikataa. Tukamwita Luai. Mama yake alikufa yeye bado mdogo, na toka hapo ukimwita kwa lile jingine haitiki. Alisema wanaoita hivyo ni waliomfukuza mama yake. Yeye ni Luai."

Miaka yote tulidhani makarani wa mkonge ndio waliolivunja jina letu. Kumbe baba aliondoka nalo hapa likiwa hivyo, na alilishika. Lile jingine, la ulimi wa pembeni, alilitumia uani tu, peke yake. Nadhani alikuwa akimkumbuka mama yake.

Nasieku alisimulia. Baba yake alikuwa akitafuta ndama msituni, mvua inanyesha, akamkuta msichana juu ya mti na nyati wamelala chini. Alijificha mpaka nyati walipoondoka, akamleta. Wazee wengine wa boma hawakumtaka, wakasema ana mkosi. Mama yake Nasieku alimfunika ngozi na kumlaza alipolala na watoto wake. Mvua zilikuwa hazijaisha alipojifungua.

Nilijikaza kuuliza. "Baba wa mtoto ni nani?"

"Alikuwa kibarua wa shamba la wazungu. Mtu wa Singida. Walikuwa wamekubaliana. Akaugua tumbo, akafa mahari haijapelekwa. Ndiyo maana hakuwa na wa kumsemea."

"Una hakika si mtu wa Rhotia?"

Naserian aliuliza, na kikongwe akajibu kwa kirefu, mkono wake ukipiga goti.

"Anasema msichana alikuwa wa Mbulu. Alikaa Rhotia kwa dada yake aliyeolewa, na mumewe alikuwa mtu mwema, alilia walipomtoa. Watu walipiga maneno tu. Aliyemtoa ni mzee wa kijiji. Huyo alitangulia mbele na fimbo, akamwonyesha njia ya msitu. Na huyo mzee aliitwa jina hilo hilo, mvua. Mama yake bibi huyu alimuuliza msichana, mbona unampa mtoto jina la mtu aliyekufukuza? Akasema mvua si ya mzee yule peke yake, hata mimi imeninyeshea."

Mama Elia aliweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Mwambie," akasema, "mzee huyo ni babu yangu."

Naserian alisita, kisha akatafsiri. Nasieku akanyoosha mkono hewani mpaka Mama Elia akasogea, akamshika kichwa, na yeye pia akamtemea mate kwenye paji la uso.

Kurudi Rhotia

Usidhani nilirudi na furaha. Damu haikuwa moja, hilo lilikuwa limekwisha, na njiani nilimpigia Deo nikamwambia hilo tu. Lakini Mama Elia alisema hawezi kumpa kaka yake nusu ya habari. Akimficha sasa, tumbo litakuja kusema lenyewe, na Neema atafungiwa mlango kama yule mwingine. Nilimsihi tungoje ndoa ifungwe kwanza. Alikataa. Kuanzia Karatu mpaka mlangoni kwa Mzee Bonifasi nilikuwa nasali, na sala yangu ilikuwa mzee awe amesafiri.

Alikuwepo. Mama Elia alimweleza habari ya Gwandu na kaburi la Babati. Mzee alivua kofia, akakaa nayo mkononi. Akamweleza kwamba Luwai wa Korogwe si damu yao. Uso wa mzee ukafunguka, akaniita mkwe, akaanza kuuliza harusi iwe kabla au baada ya mavuno.

"Bado, kaka," Mama Elia akasema.

Alimweleza msichana alivyotolewa, na ni nani aliyetangulia na fimbo. Hakupunguza kitu. Mzee alisema kwa ukali kwamba hizo zilikuwa desturi za wakati huo, kila mtu alifanya.

"Sawa. Na wakati huu? Maana Neema naye ni mjamzito."

Mzee alisimama. Mshipa ulikuwa umetoka shingoni mwake. Alichukua fimbo, akatoka nje, na tukamsikia akienda zizini. Kisha tukasikia fimbo ikipiga nguzo ya zizi. Tena. Tena. Ng'ombe walihangaika. Nilimwambia Mama Elia tuondoke, tumfuate binti Arusha kabla huyu hajampata. Yeye alibaki amekaa, mikono mapajani.

Fimbo ilikoma. Mzee aliporudi alikuwa mikono mitupu. Aliketi, pumzi zikimwenda juu, akampa mdogo wake simu yake ampigie Neema na kuweka sauti kubwa, kwa kuwa sikio lake moja halifanyi kazi.

Simu iliita muda mrefu.

"Shikamoo, baba," Neema akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Bila shaka Deo alikuwa amemwambia nusu, na nusu iliyobaki alikuwa akiingoja.

"Marahaba." Mzee alikohoa. Alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena. "Umekula?"

Tulisikia magari ya Arusha, kisha tukasikia pumzi ya mtu anayezuia kilio.

"Nakuuliza leo umekula nini."

"Mihogo, baba."

"Mihogo haitoshi," akasema. "Kesho panda gari la asubuhi uje nyumbani. Mwambie dereva aende polepole."